Nusu Saa ya Moto Mkali

Maharage mekundu hayapikwi kwa huruma. Yanalowekwa usiku kucha, maji yake yanamwagwa, yanatiwa maji mapya, halafu yanapigwa moto mkali mpaka yanarukaruka ndani ya sufuria kama watu waliofungiwa mlango. Nusu saa nzima. Baada ya hapo ndipo unaweza kupunguza moto, ukayachanganya na nyama, ukayaimbia ukitaka. Ukiruka ile nusu saa, ukayapika kwa kamoto ka kuotea mikono, yatalainika vizuri tu, yatapendeza kwa macho, na yatawalaza watu chini wakitapika mpaka nyongo. Haya sikufundishwa shuleni, maana shule niliachia darasa la sita. Niliyasoma kwenye kitabu kisicho na jalada, katika maktaba ya umma, nikiwa nimesimama, kwa sababu mtunza maktaba aliniambia viti ni vya wenye kadi.

Nilikitafuta kitabu hicho kwa ajili ya dada yangu.

Dada alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda cha mablanketi kwa miaka kumi na minne. Mimi niko kiwanda hicho hicho, fundi wa mitambo, nafungua na kufunga mashine za kufumia tangu sijaota ndevu. Wenzangu wananiita Redio, ati sizimwi. Waniite watakavyo. Mtu akinyamaza katika jengo lile, mashine zinamsemea, na mashine siku zote husema anachotaka mwenye mashine.

Kila Alhamisi dada alipika mchuzi mzito wa kondoo na maharage mekundu. Alianza na mafuta ya kondoo mwenyewe, akayayeyusha taratibu, akatia vipande vya nyama na mifupa yake, akaviacha vishike rangi bila kuvichokoachokoa. Msaidizi mwenye haraka aliambiwa aiache nyama, siyo kidonda. Kisha vikaja vitunguu, vingi kuliko unavyofikiri vinahitajika, na vitunguu saumu, na karoti, na nyanya alizoziponda kwa kiganja. Maharage yalichemkia pembeni, peke yake, kwa fujo zake, yakaingia kwenye nyama yakiwa yameshatiwa adabu. Mwisho kabisa, watu wakiwa wameshashika sahani, alichukua majani mabichi, kotimiri na mnanaa na rihani, akayachanachana juu ya sufuria kwa vidole. Kisu hakikugusa majani yake. Harufu ile ilivuka uwanja, ikaingia ukumbi wa kufumia, ikapigana na harufu ya rangi na grisi, na ikashinda. Alhamisi hapakuwa na mgonjwa kiwandani. Msimamizi wetu mwenyewe alikuwa akila sahani mbili.

Huyo Msimamizi ndiye ninayetaka mumjue. Mtu mrefu, msafi, penseli sikioni, mwenye tabia ya kutabasamu unapomwambia jambo zito, kama vile umemwonyesha jino jipya la mtoto. Siku moja aliingia jikoni akakuta jiko kubwa limefunguliwa mwisho. Majiko yale ya gesi, ukiyaachia, yananguruma kiasi kwamba watu wawili waliosimama karibu hulazimika kuzungumza kwa mikono. Akalipunguza, akauliza maharage yana kesi gani mpaka yapigwe hivyo. Dada akamweleza kuwa maharage mekundu yanataka moto mkali kwanza, mama yetu alimfundisha hivyo, sababu yenyewe hakuijua. Msimamizi akacheka. Akasema moto ni moto, na kwamba imani za mama wa mtu haziwezi kumaliza gesi ya kiwanda. Nayakumbuka maneno hayo neno kwa neno kwa sababu nilikuwa nimepiga magoti chini ya sinki natengeneza bomba, naye alikuwa amenikanyaga kidole.

Jumatano iliyofuata alikuja na waya na koleo. Akaifunga koki ya jiko kwa mikono yake mwenyewe isifunguke zaidi ya robo, akapaka alama ya rangi nyekundu. Akamwamuru dada atie kila kitu pamoja alfajiri, nyama na maharage, ayaache kwenye kamoto kadogo mpaka saa ya chakula. Dada alibisha mara mbili. Mara ya tatu akaonyeshwa mlango ulipo. Alikuwa na watoto watatu na mume aliyekuwa amelazwa hospitalini kwa mwezi wa pili. Akatii.

Alhamisi hiyo walianguka watu arobaini na watatu. Nilikuwa mmoja wao, shavu langu likiwa juu ya sakafu ya choo, nikishukuru ubaridi wake. Uwanjani watu walitapika wakiwa wameshikana mabega, wakubwa kwa wadogo, na mlinzi wa lango alitapikia daftari la wageni. Kesho yake wote tulikuwa wazima. Hakufa mtu, na hilo ndilo lililommaliza dada, kwa sababu tumbo lililopona halitafutiwi chanzo.

Ijumaa asubuhi ile waya haikuwepo. Alama ya rangi ilikuwa imesuguliwa kwa mafuta ya taa, niliinama nikainusa. Na kwenye ubao wa matangazo palikuwa na karatasi: mpishi ameachishwa kazi kwa uchafu wa mikono na wa vyombo. Chini yake sahihi ya Msimamizi, imejipinda kama mkia wa panya. Niliibandua karatasi ile. Ninayo mpaka leo, kwenye kimfuko cha nailoni, ndani ya mfuko wa shati langu la kazi. Huu ni mwaka wa kumi na moja.

Neno uchafu halikubaki ubaoni. Lilitoka na dada getini, likapanda naye ngazi za nyumbani, likakaa mezani. Majirani waliokuwa wakimwazima mwiko waliacha. Kwenye misiba na harusi, mahali alipokuwa akitoa amri kwa masufuria kumi, wakaanza kumwambia apumzike, amechoka, kuna kazi nyepesi pale kwenye bomba. Kazi nyepesi ilikuwa kuosha vyombo. Miaka kumi na moja mwanamke yule ameosha sahani za vyakula ambavyo hakuruhusiwa kuvigusa, na waliomkataza wakamwita dada, na shangazi, na mama, kwa sauti laini kabisa. Sauti laini nazijua. Ni zile zile zinazokupaka mafuta huku zinakukaba.

Basi mimi nikasema. Nilisema kwenye mikutano, kwenye foleni, kwa vinyozi. Nilipokipata kile kitabu niliunakili ukurasa wa maharage kwa mkono, nikaubandika pale pale ilipokuwa karatasi ya Msimamizi. Ulidumu saa mbili. Nikanakili tena. Mwaka huu, Msimamizi akiwa ameshastaafu, nilikwenda kwa Katibu wa chama chetu cha wafanyakazi, mama mmoja wa idara ya kufungasha, mwenye sauti ndogo na kalamu kali. Nilimwambia chakula cha mkutano mkuu lazima apike dada, na lazima kiwe kile kile, kondoo na maharage mekundu, mbele ya wale wale. Katibu alikubali tupige kura, kwa sharti nisizungumze zaidi ya dakika tano. Nilizungumza ishirini. Tukashinda kwa kura tatu. Alipokuwa anakunja karatasi zake akaniambia ningeshinda kwa kura nyingi zaidi kama ningekaa mapema.

Halafu, kwa kuwa chama chetu kina adabu za kupitiliza, wakamwalika na Msimamizi. Mgeni wa heshima. Nilipopiga kelele, Katibu aliniuliza kama nataka dada asafishwe jina mbele ya watu au mbele ya viti vitupu. Nikaondoka, na swali lile linaniudhi mpaka sasa.

Dada nilipompelekea habari alikuwa anaanua nguo. Aliuliza nani amenituma. Alisema amechoka kuwa hotuba yangu. Alikunja shuka mbili bila kuniangalia, kisha akauliza watu ni wangapi. Nikamwambia mia na ishirini. Akasema kondoo watatu, basi, na maharage ayachague mwenyewe.

Jumamosi hiyo aliingia kantini kabla ya wafagiaji, na aproni yake mwenyewe. Kitu cha kwanza alichofanya ni kunawa. Sinki liko mkabala na dirisha la kupakulia, na waliokuwa wanapanga viti ukumbini walimwona. Alinawa mpaka kwenye viwiko, akasuuza, akajifuta, akanawa tena. Hakuna aliyemwambia. Nilisaga meno mpaka taya likauma. Mikono ile ilinilea. Ningetaka kuwavuta wote shingo waje wainuse.

Saa mbili maharage yalikuwa jikoni, kwenye sufuria ambayo ungeweza kumwogeshea mtoto wa miaka mitatu. Kwenye jiko la pili nyama ilikuwa inashika rangi. Mnamo saa tatu alizima jiko la nyama ipumzike, akachukua kikapu. Majani yake anayaotesha mlangoni kwake, mtaa wa pili kutoka kiwandani, kwenye madumu yaliyokatwa, na hakubali yachumwe mapema yakalala. Aliniita karibu na jiko, akaweka mdomo sikioni mwangu kwa sababu ya ule mngurumo.

"Yakianza kuruka, tazama saa. Nusu saa, mdogo wangu. Koki hiyo usiiguse hata ikikutukana."

Nikamwambia hilo aniachie mimi. Nani anajua habari za maharage kunishinda? Nilikuwa na ukurasa mzima kichwani.

Yapata saa tatu na nusu, maji yalikuwa yameanza tu kutoa vipovu pembezoni Msimamizi alipoingia. Amezeeka, shati la mikono mirefu, kofia mkononi. Lakini tabasamu ni lile lile. Alivuta harufu ya nyama, akanipa mkono, nami, Mungu anisamehe, nikaupokea, maana mkono una mazoea yake. Kisha nikatoa kimfuko cha nailoni, nikamwonyesha karatasi. Nikamuuliza kama anaijua sahihi hiyo. Akaonyesha sikio lake, akatikisa kichwa. Nikarudia kwa nguvu. Akaonyesha jiko, akaonyesha sikio, akatabasamu. Miaka kumi na moja nimeandaa maneno yangu, nimeyapanga kitandani, nimeyafanyia mazoezi mbele ya mashine mbovu, na sasa mtu mwenyewe yuko mbele yangu na hanisikii.

Nikapunguza moto.

Sikumbuki hata mkono ulivyofika kwenye koki. Ninachokumbuka ni kimya kilivyoshuka, na jinsi nilivyokifurahia. Nikaanza. Nilimweleza habari ya waya na koleo, na alama nyekundu, na mafuta ya taa. Nikamtajia mume wa dada, aliyetoka hospitalini akakuta mkewe hana kazi wala jina. Nikamsomea ukurasa wa maharage bila kuutazama. Naye alijibu vile wanavyojibu wote. Mambo ya zamani. Yeye alifuata taratibu. Kila mtu alikuwa anafuata taratibu. Kama kweli palikuwa na waya, basi iko wapi. Kila jibu lilinipa kuni mpya, nikazidi kuwaka. Nawaambia nilisema vizuri siku ile kuliko siku yoyote maishani mwangu.

Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika tano niliposikia sauti ya dada uwanjani, anasalimiana na Katibu. Nikageuka kutazama jiko. Moto ulikuwa mdogo, wa bluu, mpole, umelala chini ya sufuria kama paka. Maji yalikuwa yametulia. Hayakuwa yamechemka hata kidogo.

Nilifungua koki mpaka mwisho. Jiko likanguruma, mvuke ukapanda ukafunika uso wa maji. Dada akaingia na kikapu kimejaa majani, akamwona Msimamizi, akasimama. Hakumsalimu. Akanitazama mimi, na kwa kuwa hakuna mtu angeweza kusikia kitu, akanyoosha kidole kwenye saa, kisha akagawa hewa katikati kwa kiganja. Nusu saa?

Msimamizi alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, na tabasamu lake.

Nikaitikia kwa kichwa. Mimi, Redio, nisiyezimwa, uongo mkubwa kuliko wote nilioutoa duniani niliutoa bila neno.

Dada alibinya punje moja, akakunja uso kidogo, akaona zitamalizikia kwenye nyama. Aliniamini. Akamwaga maji, akayachanganya maharage na kondoo na nyanya, akaongeza maji ya moto, akapunguza jiko mpaka mchuzi ukawa hauchemki, unapumua tu. Hivyo ndivyo anavyoupika siku zote, baada ya ile nusu saa. Saa tatu za kupumua. Msimamizi akaenda kukaa meza ya mbele.

Mkutano ulianza. Ripoti ya mwenyekiti, ripoti ya Katibu, malalamiko kuhusu feni za ukumbi wa kufumia. Watu walinigeukia kila baada ya hoja wakisubiri ninyooshe mkono, na jirani yangu akauliza kama betri zimeisha. Mimi nilikuwa natetea kesi kichwani. Nilisema maji yalikuwa moto sana kabla sijapunguza. Nilisema saa tatu ni nyingi, hakuna punje itakayovumilia saa tatu. Nilisema yamelowekwa vizuri, dada ameyachagua moja moja. Nilisema, baada ya yote, chini ya sufuria moto upo, na moto ni moto.

Nikalisikia. Nilikuwa nimekaa pale, katika shati langu lenye karatasi mfukoni, na kichwani mwangu alikuwa anazungumza Msimamizi.

Saa saba watu walisimama. Foleni haikuwa foleni, ilikuwa kundi la watu wanaosukumana warudi nyuma. Wengi wao walikuwepo Alhamisi ile, na tumbo lina kumbukumbu kuliko mimi. Katibu akachukua sahani, akapita katikati yao na sauti yake ndogo, samahani, samahani, akasimama wa kwanza dirishani. Dada alikuwa upande wa pili, amekwisha zima jiko, fungu la majani liko mkono wa kushoto, upawa mkono wa kulia. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho sijakiona tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi.

Kutoka kitini kwangu mpaka dirishani ni hatua kumi na nne, nikazipiga zote. Sikupaza sauti, sikuhitaji, ukumbi mzima ulikuwa unatazama ile sahani.

"Dada, usipakue. Maharage hayakuchemka. Nilipunguza moto mimi."

Ukumbi ukaguna, ule mguno wa watu walioepuka gari. Sahani tatu zilirudishwa mezani. Na kutoka meza ya mbele Msimamizi akamwambia jirani yake, kwa sauti ya kutosha ukumbi mzima, kwamba si wanaona, mikono ni ile ile.

Dada aliweka majani chini. Aliweka upawa chini. Nilidhani atanipiga, na ningesimama vizuri anipige. Lakini hakuniangalia mimi.

"Mzee," alisema, "umemsikia mdogo wangu. Huyu ana domo ambalo mimi mwenyewe limenichosha. Lakini amesema maneno matatu. Nilipunguza moto mimi. Miaka kumi na moja nayasubiri hayo kwako. Yaseme, nikupakulie mbavu."

Msimamizi akatabasamu. Akasema haya mambo ya zamani, mama, watu wana njaa, tule.

"Hatuli," dada akasema. "Tunasubiri nusu saa. Na wewe subiri na wenzako, uone ilivyo fupi."

Akawasha jiko, akafungua koki mpaka mwisho.

Sijui kama mmewahi kukaa na watu mia na ishirini ambao hawawezi kuzungumza. Jiko lilinguruma, mchuzi ukaanza kutetemeka, kisha ukachemka, kisha ukaruka, matone yakipiga ukuta, na hapo ndipo hesabu ikaanza. Dada alinikabidhi mwiko mkubwa, nikawa nakoroga usishike chini, jasho likinimwagika, mdomo umefungwa. Yeye alisimama kwenye dirisha, mikono juu ya ubao wake, amemkazia macho mtu mmoja. Ukumbi wote ukafuata macho yake. Hapakuwa na hotuba ya kumkinga, hapakuwa na wa kumuuliza waya iko wapi. Kulikuwa na saa ya ukutani na ule mngurumo. Dakika ya tano alitazama kofia yake. Dakika ya tisa tabasamu lilianza kumchoka. Dakika ya kumi na mbili alisimama, akaonyesha kwa mkono kwamba ana safari, akatoka. Katibu pekee ndiye aliyemsindikiza, maana hizo ndizo adabu zake, na hata yeye alirudi mbio asije akapoteza nafasi yake dirishani.

Zile dakika kumi na nane nyingine tulizimaliza bila yeye. Nyama ilikuwa imeshaachana na mifupa. Dada akazima, kimya kikarudi, akachukua majani, akayachanachana juu ya sufuria, na ile harufu ikatoka pale jikoni kama mtu aliyemaliza kifungo chake. Akajaza sahani ya kwanza akanisukumia mimi.

"Kula. Wakuone."

Nilikula nimesimama, ulimi ukiungua, mbele ya wote. Kisha Katibu. Kisha mlinzi wa lango, yule wa daftari la wageni, aliyesema kama ni kutapika safari hii atatafuta daftari la mwenyekiti, na watu wakacheka, na foleni ikawa foleni. Nilihesabu. Walikula themanini na sita. Waliobaki walikunywa chai na mkate, wakisema wana vidonda vya tumbo. Vidonda thelathini na nne katika ukumbi mmoja. Sura zao ninazo.

Hakuna aliyeanguka.

Dada hakusema nami mpaka tulipokuwa tunaosha. Nilikuwa nimeingia mpaka kiunoni ndani ya ile sufuria, nasugua. Aliniambia, bila kupaza sauti, kwamba nilichofanya leo ndicho alichofanya yule, tena yule hakuwa amesoma ukurasa. Nikasema najua. Akasema tofauti yetu ni maneno matatu, na kwamba nisingeyasema asingenijua tena. Nikasema najua. Kisha akasema jambo ambalo sikulijua.

"Miaka yote hii umenisemea kwa watu. Nyumbani kwako, kwenye harusi ya binti yako, mimi niliwekwa wapi?"

Nilibaki ndani ya sufuria. Kwenye bomba. Tulimweka kwenye bomba, mke wangu na mimi, tukamwambia apumzike. Nilikuwa namtetea ukumbini kwa vipaza sauti, na jikoni kwangu nilimpa sifongo. Sikuwa nimeona. Mtu anayekumbuka kidole chake kilikanyagwa mwaka gani, hilo hakuliona.

Aliniomba ile karatasi aichome. Nilikataa, tukagombana, tukarushiana sifongo, na bado ninayo. Lakini jioni ile, nilipofika nyumbani, niliitoa nikaandika nyuma yake kwa kalamu ya wino: mimi pia, Jumamosi, dakika thelathini na tano, kwa sababu nilitaka kusikilizwa. Nikaweka sahihi. Nikaongeza chini, kwa herufi ndogo, harusi ya binti yangu.

Alhamisi anakuja kutupikia. Nimeshanunua kondoo, maharage yamelowekwa, na mke wangu ameambiwa nani ataosha vyombo.

Msimamizi yuko hai, ana afya, anakaa nyumba yenye geti la kijani nyuma ya maktaba. Kila siku nikitoka kazini napita hapo. Sibishi hodi wala sihutubii, nasimama tu kidogo upande wa pili wa barabara. Ni maneno matatu. Siyo mengi. Muda ninao.